Riziki, usiinywe hiyo dawa

Wete, Pemba

Mwanangu Riziki,

Assalamu alaykum. Sisi hatujambo, mamaako anakusalimu. Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu kwenye simu huniachi nimalize. Unasema "nimekufahamu baba" na mimi bado sijasema.

Kurasa ulizoniachia, za hao faji unaokwenda kuwasomea Georgia, nimezisoma zote, kwa hii miwani iliyofungwa uzi. Nikafika pahala pa yule mtafiti d'Hérelle. Kwamba 1917 kule Paris alitangaza virusi vinavyowaingia bakteria na kuwaua, ndio hao faji, hilo sina neno nalo. Lakini 1919, kabla ya kumpa dawa ya faji mtoto wa miaka 12 aliyekuwa akihara damu, aliinywa kwanza mwenyewe, na madaktari wa hospitali wakanywa pamoja naye. Mtoto akapona. Na wewe umepiga mstari chini ya maneno hayo, kwa wino wa kijani. Umepiga mstari kwa nini?

Usinywe, Riziki. Iwe huko Tbilisi uendako, iwe maabara ya Wawi, akikwambia mwalimu au wakikutia ushujaa wenzako. Ya chupa ya mafuta ya taa siyarudii, unayajua mwenyewe.

Nimefahamu kuliko unavyonidhania. Kila faji ana bakteria wake, wa kipindupindu hana habari na wa jipu. Kwa hiyo hafyeki na wale wema wa tumboni, kama zinavyofanya dawa zetu. Uzuri huo una gharama yake: daktari lazima amjue bakteria kwanza, na hapa kwetu mtu hupewa vidonge hata choo hakijapimwa. Hilo ukirudi utalifanyaje? Sijaona ulipoliandika.

Kile kimeng'enya, endolisini, ndicho nilichokipenda khasa. Faji akishazaana ndani ya bakteria, hutoa kitu cha kukata ukuta ili watoto watoke, kama kifaranga anavyodonoa yai. Wale watafiti wa New York wakakichukua kitu hicho peke yake, 2001, wakakitia mdomoni na puani mwa panya waliojaa bakteria wa streptokoki, na baada ya saa mbili bakteria hao hawakuonekana tena. Yai limevunjwa kutoka nje! Hili nimelieleza barazani mara tatu, na mara ya tatu hata Mzee wa duka la nyavu aliacha bao akasikiliza. Nimewaambia mwanangu ndiye anayekwenda kuileta dawa hiyo. Nimekutangulia kidogo, najua.

Lakini wapo bakteria wenye ngozi nyingine juu ya ukuta, kimeng'enya hakiwafikii kwa urahisi. Na kile kimoja kilichofika kwenye majaribio makubwa ya wagonjwa, eksebakasi, majaribio yake yalisimamishwa 2022 kwa kuwa kukiongeza juu ya dawa za kawaida hakukuonekana kuleta nafuu zaidi. Haya yako ukurasa wa mwisho, hapana mstari wa kijani hata mmoja. Mwanafunzi wangu akinifanyia hivyo skuli nilikuwa namrudishia daftari.

Kuna na Fleming, aliyeigundua penisilini. Siku ya kuihutubia Nobel yake, 1945, alitoa mfano wa bwana aliyeumwa koo akajinunulia penisilini, akanywa isiyotosha kuwaua streptokoki bali ya kuwafundisha kuikataa. Mkewe akaambukizwa, akapata nimonia, akafa. Nilipofika hapo nikazikunja karatasi nikaenda kugeuza karafuu, ingawa nilikuwa nimezigeuza si muda. Rangi mbili, zile kapsuli za kuua bakteria, zilikuwa zikiuzwa moja moja pale njiapanda. Sita zikigawiwa kwa watoto watatu, homa ikishuka zinazobaki zinawekwa kwenye kikopo. Kila nyumba ilikuwa hivyo. Na kidonda cha mguu cha bibi yako, kapsuli zikifunguliwa unga ukanyunyizwa juu, kwa siku nyingi, mpaka yule daktari akaitazama karatasi ya maabara asiseme kitu. Unajua nani alikuwa akinyunyiza. Basi.

Hiyo Georgia nimeitafuta kwenye ramani, nikafurahi kuwa si ile ya Marekani. Taasisi yenyewe unayokwenda aliianzisha Eliava 1923, na 1937 serikali yake ikampiga risasi. Wewe soma, kula, lala. Ya siasa za watu usiyatie mdomoni. Wala ya kwenye vichupa.

Koti alilokununulia mjomba wako ni zito, usilifungie begini, livae kwenye ndege. Nduguyo Hamadi ameuza ile pikipiki bila ya kuniuliza, tutazungumza. Karafuu za nyuma ya kisima zimekubali mwaka huu, ila wachumaji hawapatikani, na makonyo yamejaa ukumbini, mamaako ananuna. Kuku wanne wamekufa. Yule kijana wa dawa za mifugo akataka kunipa unga wa kutia kwenye maji yao, nikamuuliza ni dawa gani na ya siku ngapi, akanitazama kama nimerukwa na akili. Sikuuchukua.

Sasa zile chupa zako za maji ya mtaro, za kutafutia faji. Ulisema unazipeleka maabara Jumatatu, na Jumatatu tatu zimepita. Bado zimo frijini kwetu, nyuma ya samaki. Juzi mtoto wa dadaako alikuwa ameshaikamata moja, kifuniko kinazunguka. Nimezitia kwenye mfuko mweusi, nimeandika SI MAJI kwa kalamu nyekundu, na friji nimeifunga kwa kamba. Mamaako anataka nafasi yake. Nijibu kabla ya Alkhamisi: nizimwage, au nizipeleke Wawi mwenyewe kwa daladala?

Babaako