Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mwaka 2025

Ndugu wanachama,

Mikutano ya kila mwezi ilifanyika, madarasa ya Git (programu ya kutunza matoleo ya msimbo) na Python (lugha ya kuandikia programu) yaliendelea, tovuti ilihamishwa seva. Hayo mnayajua.

Lililozua maneno ni sprinti, yaani siku mbili za kukaa pamoja kurekebisha miradi ya programu huria, kuwekwa mara baada ya kongamano letu, si kabla. Wapo waliotaka tuige Debian, mradi wa mfumo huria wa kompyuta, ambao DebCamp, kambi yao ya kazi, hutangulia DebConf, kongamano lao. Sawa, hutangulia. Lakini wanaokwenda DebCamp wengi wao mradi wanaujua tayari. Kwetu zaidi ya nusu walikuwa hawajawahi kutuma kwenye mradi badiliko la msimbo hata moja. Mtu wa namna hiyo humsikiliza kwanza msimamizi wa mradi jukwaani, kesho yake ndipo anapata ujasiri wa kukaa naye meza moja. PyCon ya Marekani na DjangoCon za Ulaya, makongamano ya watumiaji wa Python na wa Django, hupanga hivyohivyo. Uamuzi ulikuwa wangu na bado nausimamia.

Kuhusu intaneti: ukumbi mzima ukitoka kwa anwani moja ya IP (namba ya utambulisho mtandaoni), API ya GitHub, yaani mlango ambao programu hupitia kuomba data kwenye tovuti hiyo ya kuhifadhi msimbo, humpa asiyejitambulisha maombi 60 kwa saa, na hayo 60 ni ya ukumbi wote. Ndiyo maana nilisisitiza kila mtu aje na tokeni yake, yaani ufunguo wa kujitambulisha, yenye maombi 5,000 kwa saa. Pia niliagiza repo (hifadhi za msimbo wa miradi) na vifurushi vya pip (kisakinishi cha Python) viwekwe kwenye seva ndogo palepale ukumbini. Aliyefunga ruta, kifaa cha kugawa intaneti, aliacha kizuizi kinachokataza kompyuta za Wi-Fi kuonana, hivyo seva ikawepo bila kufikika hadi saa nne asubuhi. Walioamua kuvuta repo kwa bando zao walielekezwa kutumia `--depth 1`, ambayo huacha historia ya mabadiliko ya nyuma. Anayeihitaji baadaye ataivuta kwa `git fetch --unshallow`.

Kazi zilichaguliwa wiki mbili kabla, kila kosa la programu likajaribiwa kwenye kompyuta isiyo na mabaki ya mradi, na jina la mfanyaji likaandikwa ubaoni, la sivyo watu watatu hurekebisha kosa lilelile. Umeme ulitosha: meza ya watu 6, ekstensheni ya matundu 6.

Sasa mahudhurio. Walijiandikisha 62, Jumamosi wakafika 38, Jumapili 17! Jumapili ndiyo siku yenyewe: kazi mpya husimama saa sita mchana, kisha ni majaribio, nyaraka na mapitio msimamizi akiwa bado yupo. Aliyeondoka mapema aliacha badiliko ambalo sasa linasubiri mtu wa kulijibia maswali.

Fedha: wanachama 114, waliolipa ada ya shilingi 30,000 ni 41, jumla 1,230,000. Ukumbi, chakula na intaneti vilikula 1,870,000. Pengo la 640,000 lilizibwa na mfadhili niliyemtafuta mimi. Sitaji majina, ila wengi wa waliopiga kelele hawamo katika hao 41.

Mwakani tunatarajia, Mungu akipenda, sprinti ya siku tatu, ukumbi bora na wasimamizi wa miradi kutoka nje. Mhazini anapokea ada leo hii, mlangoni.

Mwenyekiti