Barua ya wazi kwa wajumbe wapya wa kamati ya shule yetu ya msingi

Wanangu,

Hongereni kwa kuchaguliwa. Najua wapo mliojitokeza kwa mapenzi, na wapo waliosukumwa na majirani pale mkutanoni wakakosa pa kukimbilia. Kazi ni moja.

Nimefundisha shule za msingi hadi nikastaafu, na kwa kuwa mwalimu mkuu ndiye katibu wa kamati, kamati nimezitazama kwa karibu. Karibu zote zilikuwa kamati za ujenzi. Kikao kinaanza na saruji, kinahamia kwenye mabati, fundi anajadiliwa saa nzima. Kufika saa nane watu wana njaa, taaluma inatajwa kwenye mengineyo, kikao kinafungwa.

Ninachowaomba ni kwamba taaluma iwe ajenda ya kwanza mkishathibitisha muhtasari. Wala msitosheke na matokeo ya darasa la saba. Mtoto anayefika la saba hajui kusoma, alianza kuachwa akiwa la kwanza na la pili. Muulizeni mwalimu wa la pili: wangapi wanasoma aya moja wakaielewa? Wasioweza ni akina nani, na nani anakaa nao? Hilo halihitaji shahada. Watafiti wa Uwezo, wale wanaopima kama watoto wanajua kusoma na kuhesabu, walipoanza kupita kaya kwa kaya mwaka 2010, walichompa mtoto ni hadithi fupi ya kiwango cha darasa la pili, asome. Wengi wa la tatu walikwama. Mjumbe yeyote anayejua kusoma anaweza kumsikiliza mtoto hivyo hivyo, kwa ruhusa ya mwalimu na bila kumwaibisha mtu. Mkikuta mwalimu mmoja ana watoto 120 darasani, na kiwango ni 45, msimgombeze yeye. Andikeni barua kwa Afisa Elimu Kata, wekeni idadi na tarehe, mbaki na nakala.

Sasa fedha, maana huko ndiko heshima ya kamati inakopotelea. Tangu elimu bila ada ianze Januari 2016, hesabu tuliyoizoea ya ruzuku ya uendeshaji ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi kwa mwaka. 6,000 ziingie akaunti ya shule, 4,000 zibaki juu serikalini kwa ajili ya vitabu. Shule ya watoto 800 hapo inatarajia 4,800,000 kwa mwaka, yaani 400,000 kwa mwezi. Kila mjumbe aijue hesabu hiyo kwa kichwa. Kisha ulizeni: zimeingia ngapi, zimetumika wapi, risiti ziko wapi? Mwalimu mkuu mwaminifu hachukii kuulizwa. Mimi nilikuwa nalala vizuri zaidi kamati ikishaona vitabu vya hesabu. Taarifa ibandikwe kwenye ubao wa matangazo, kwa maandishi ambayo mama muuza vitumbua anaweza kuyasoma.

Michango ni moto. Mnakumbuka Januari 2018 Rais Magufuli alivyoipiga marufuku, na anayetaka kuchangia akaelekezwa kwa mkurugenzi wa halmashauri, walimu wasishike hela. Kabla hamjapitisha hata mia, ulizeni mwongozo unaotumika leo, mpate kibali kwa maandishi. Wazazi wakikubaliana mahindi na maharage ya chakula cha mchana, vizuri sana, mtoto mwenye njaa hasikii somo. Lakini asirudishwe nyumbani mtoto ambaye baba yake hajaleta debe. Wala asisimamishwe kando akitazama wenzake wanakunywa uji. Deni ni la mzazi, mfuateni mzazi.

Vyoo hesabuni wenyewe, msisubiri taarifa: tundu moja kwa wasichana 20, moja kwa wavulana 25. Tazameni kama milango inafungika na maji yapo. Wasichana wakubwa wanakosa shule kwa sababu hiyo, na hawawezi kuja kuwaeleza akina baba kikaoni. Kina mama mlio kwenye kamati, lisemeni kwa sauti.

Viboko navyo. Kanuni zinasema visizidi vinne, atoe mwalimu mkuu au mwalimu aliyemkabidhi kwa maandishi, na viandikwe kwenye kitabu. Ombeni kukiona kitabu hicho. Kama hakipo na fimbo zipo, mmeshapata ajenda.

Kwa walimu, msijifanye mabosi. Hamwaajiri wala hamwahamishi. Mwalimu aliyepangiwa kwetu akikosa chumba cha kupanga, mtafutieni. Hilo linamshikilia hapa kuliko hotuba. Na mjumbe mwenye duka la vifaa vya ujenzi atoke nje wakati wa kujadili manunuzi. Mnajua ninayemsema, naye anajua.

Taarifa ya robo hii ibandikwe kabla ya likizo ya Juni. Nitapita na miwani yangu kuisoma.

Mzee wenu,
Mwalimu mstaafu