Unywele kwenye mlango

Kigoma, Jumapili jioni

Mwanangu,

Marahaba, mama. Huku sote wazima, ila dagaa wameadimika na bei imepanda. Juzi uliniambia kwamba wenzako karakanani wamekucheka kwa kuwa ulichelewesha ndege ukihesabu spana upya, isije moja ikasahaulika ndani yake, na hesabu ikatimia. Simu ikakatika kabla sijakujibu. Nimeona niandike.

Unakumbuka ile jioni ya tarehe 5 Oktoba 2022, tulipojibana kwenye simu yako kutazama wanaanga wanne wakirushwa kutoka Florida? Kwao mchana, kwetu saa moja usiku. Mama yako alichoka mapema, akasema hawa watu mbona hawaondoki. Mimi zile saa za mwisho ndizo zilizonikalisha. Walivalishwa suti, suti zikapimwa kama zinavuja, wakapandishwa juu ya mnara kwa lifti, wakafungwa mikanda wakiwa wamelala chali. Mafundi wenye nguo nyeusi wakafunga mlango. Kisha wakaufungua tena. Kisa? Unywele mmoja, umenasa kwenye mpira unaoziba mlango. Wakaufuta, wakafunga, wakapima upya kama hewa inapita. Ndipo baadaye, zikiwa zimebaki dakika 35 tu, mafuta yakaanza kuingia kwenye roketi watu wakiwa ndani. Wewe ulicheka, ukasema, "Baba, unywele!" Mimi sikucheka, na sikukueleza kwa nini.

Kabla hujazaliwa nilikuwa fundi wa boti moja ya abiria pale Kibirizi, inayokwenda vijiji vya kaskazini. Jioni moja, watu wamekwisha kaa, magunia yamepangwa, nikapapasa chini ya injini nikakuta tone la maji. Tone tu. Mpira wa maji ya kupoza injini ulikuwa umeanza kuchanika pale kwenye kibanio. Kuubadilisha kungechukua nusu saa. Mwenye boti alikuwa amesimama ufukweni anaangalia saa, abiria wananung'unika, nami nilikuwa kijana, naogopa kuitwa fundi wa visingizio. Nikakaza kibanio, nikajifutia mikono kwenye kaptula, nikasema twende.

Saa tano usiku injini ikachemsha, ikanoki. Ziwa unalijua likipata upepo wa kusini. Tulichota maji kwa ndoo na sufuria za abiria hadi kulipopambazuka, boti ya wavuvi ikatuvuta. Hakufa mtu. Lakini kuna mama alijifunga mtoto mgongoni kwa kanga mbili, akaongeza na kamba, na kila tochi ilipomulika upande wangu nilimwona ananitazama. Hakujua kitu. Mimi ndiye niliyejua.

Ndiyo maana habari ya Challenger, kile chombo cha anga cha Wamarekani, huwa siwezi kuisikiliza nimekaa. Usiku wa kuamkia tarehe 28 Januari 1986, wahandisi wa zile roketi za pembeni walisema msirushe, baridi imezidi, mpira wa kuzibia maungio utakakamaa. Mpira ukipata baridi hauwahi kutanuka kuziba pengo, hilo hata fundi baiskeli wa Ujiji atakwambia. Walisema, mama, tena kwa sauti. Wakubwa wao wakabadili jibu. Chombo kilidumu sekunde 73 angani, watu saba wakafa. Wale wahandisi nawaheshimu kuliko ninavyojiheshimu mimi wa usiku ule, maana wao angalau walisema.

Na usidhani ni vyuma tu vinavyozuiliwa dakika za mwisho. Mwaka 1970 mwanaanga Ken Mattingly aliondolewa kwenye safari ya Apollo 13 ya kwenda mwezini siku chache tu kabla ya kuruka, kwa sababu alikuwa karibu na mtu mwenye rubela, nayo damu yake haikuwa na kinga. Rubela hiyohiyo uliyochanjwa. Hakuugua hata siku moja! Utasema walimwonea? Madaktari hawakuwa wanajua kesho, walikuwa wanajua walichokiona siku ile. Na chombo kilipoharibika huko juu, yeye aliyebaki ndiye aliyekuwa ardhini akiwasaidia wenzake kupata njia ya kukiwasha tena warudi.

Spana zako zilitimia. Sawa. Wakikucheka tena, wewe hesabu. Akija mkubwa mwenye haraka, mwambie, "Shikamoo, bado spana mbili sijaziona," kisha endelea kuinama. Adabu iwepo na kazi iwepo.

Nimempa mtu wa treni akuletee ndoo ya mawese na kifurushi cha migebuka. Mfuniko wa ndoo niliukaza, halafu nikaufungua, nikaufuta mdomo kwa kitambaa, nikaukaza tena na kuipindua ndoo juu chini kuona kama inavuja. Mama yako amenicheka mpaka amekaa chini.

Baba yako