Kwa wajukuu zangu mnaotafuna udongo kwa siri

Marahaba, wajukuu zangu. Nawaitikia kabla hamjaniamkia, maana mkiniona sokoni mnageuza mkoba nisione mlichonunua.

Siwagombezi. Mimi mkunga mstaafu, na mimba yangu ya kwanza nilitafuna udongo wa pemba usiku hadi mume wangu akadhani panya wameingia kwenye mahindi. Kliniki nesi alinivuta kope la chini: jeupe kama tui. Kupimwa wingi wa damu, 8, na mjamzito anatakiwa asishuke chini ya 11.

Hamu ile ya udongo, au ya barafu, mara nyingi ni ya mwili ulioishiwa madini ya chuma, yale ya kutengenezea damu. Na udongo wenyewe hukamata chuma cha chakula ukatoka nacho chooni. Ndiyo maana kilima kidogo kinakushinda, moyo unadunda nawe umekaa. Mtoto aweza kuzaliwa njiti au mwepesi mno, na siku ya kujifungua, damu ikikutoka, akiba huna.

Halafu hiyo chai! Umepika matembele na maharage vizuri kabisa, unashushia na chai ya rangi. Chai hufunga chuma cha mboga kisipite. Iache hata saa moja au mbili, kamulia ndimu mbogani au menya chungwa. Dagaa na nyama ni bora zaidi, chuma chake mwili hukichukua bila taabu. Na juisi ya rozela, wekundu wake haugeuki damu.

Vidonge vya chuma vya kliniki vitakufanya upate choo cheusi, usishtuke. Vikikuchafua roho, meza usiku baada ya kula. Vyangu nilivitupa nyuma ya kabati, mama mkwe akavikuta siku tunahama, sina la kusema. Damu ikipanda usiache hapo hapo, endelea kama ulivyoelekezwa. Na vifungieni mbali: mtoto mdogo akivila kama pipi vinaweza kumuua.

Nyie ambao hamna mimba lakini hedhi inajaza pedi kila saa, semeni kwa daktari. Wa mashambani, vaeni viatu. Minyoo ya safura hupenyea miguuni ikaenda kunyonya damu tumboni, na hapo utakula maini mpaka uchoke, damu isiongezeke.

Huku kwetu kliniki ni Jumatatu. Anayeogopa kwenda peke yake apite kwangu asubuhi tuongozane. Udongo auache kibarazani.

Bibi yenu,
Muheza