Dada Zubeda, nishauri kuhusu tiketi ya ndege

Jinja, 14 Mei

Dada yangu mpenzi Zubeda,

Assalamu alaikum. Natumaini barua hii inakukuta salama pamoja na watoto na wajukuu, na kwamba goti lililokusumbua tangu Ramadhani limepata nafuu. Sisi hapa hatujambo. Mama Shaban anakusalimu sana, na ametaka nikwambie kwamba ile habari ya kiwanja imekwisha kwa heri. Nisamehe kwa kimya cha miezi mitatu. Leo ninaandika kwa haraka kidogo, kwa kuwa kuna jambo linalotakiwa kujibiwa kabla ya Ijumaa ya wiki ijayo, na wewe uliyewakatia watu tiketi pale Kampala kwa miaka 20 ndiye ninayemwamini kulipima.

Salma ametulipia safari ya meli ya watalii. Baba yake na mimi tunatimiza miaka 40 ya ndoa mwezi wa Septemba, naye ameona atushukuru kwa kukutana nasi baharini kwa siku kumi. Meli inaondoka Civitavecchia, bandari inayotumiwa na wasafiri wa Roma, tarehe 20 Septemba, inapita Piraeus na Santorini huko Ugiriki, inafika Kuşadası nchini Uturuki, kisha inarudi ilikotoka. Nililia aliponiambia, dada, wala sioni haya kukuandikia hivyo.

Jambo lenyewe ni la ndege. Kampuni ya meli imeandika kwamba nauli ya ndege kutoka Entebbe imo ndani ya bei, na Mzee ameyapigia mstari maneno hayo kwa kalamu nyekundu. Kwake yeye mazungumzo yameishia hapo: kitu kimekwisha lipwa, basi kitumike. Mimi nimezisoma kurasa zilizobaki mara nne. Zinasema kwamba kampuni ndiyo inayochagua shirika la ndege, saa ya kuondoka na njia ya kupita, na kwamba msafiri ataarifiwa siku 45 kabla ya safari. Ndege hupangwa ifike siku ileile meli inapoondoka. Asiyeitaka anapunguziwa dola 850, na anayetaka kubaki nayo lakini afike siku moja mapema analipa dola 150 zaidi, pamoja na tofauti ya nauli ikiwapo. Hesabu hiyo ni ya kila mtu mmoja.

Niliuliza bei Kampala wiki iliyopita. Kwenda Roma na kurudi, kwa kupitia Istanbul au Doha, walinitajia dola 1,050 kwa mtu mmoja. Kwa hiyo tukijikatia wenyewe tutaongeza dola 400 kwa watu wawili, kisha tutafute chumba cha usiku mmoja na gari la kututoa Fiumicino, uwanja wa ndege wa Roma, hadi bandarini, mwendo wa karibu saa moja, ambao wanaotumia ndege ya kampuni hubebwa kwa basi bila malipo. Kwa fedha peke yake, Mzee ana haki.

Lakini mimi nasumbuliwa na viza. Tunahitaji ya Schengen, yaani ile viza moja inayotumika katika nchi nyingi za Ulaya, zikiwamo Italia na Ugiriki, tena ya kuingia zaidi ya mara moja, kwa sababu meli ikienda Uturuki imetoka katika nchi hizo, na ikirudi Italia sisi tunahesabiwa kuwa tunaingia upya. Maombi ya kawaida hujibiwa ndani ya siku 15, lakini sheria yao inawaruhusu kufika hata siku 45. Sasa tazama, dada: kampuni inatuambia njia siku 45 kabla, na viza yenyewe inaweza kuchukua siku 45. Nitaweka karatasi gani ya ndege kwenye maombi yangu? Na wakitupitisha London je? Mwenye pasipoti ya Uganda anatakiwa awe na viza ya Uingereza hata kama anabadilisha ndege tu bila kutoka nje ya uwanja, isipokuwa awe na kibali kingine wanachokikubali. Nilimweleza Salma hayo kwa simu, akanyamaza, kisha akasema, “Mama, hilo sikulifikiria kabisa.” Simlaumu. Yeye anasafiri kwa pasipoti ya Kanada, na nadhani hata walioiandika ofa hiyo walikuwa wanamfikiria msafiri wa namna yake, ambaye akipangiwa njia yoyote anabeba sanduku na kwenda.

Hata hivyo siwezi kumpuuza Mzee, kwa sababu ya usiku ule wa Nairobi tulipokwenda Umra. Unakumbuka kwamba tulinunua tiketi mbili mbalimbali ili tuokoe fedha, ya kwanza ya kutufikisha Nairobi na ya pili ya Jeddah. Ndege ya kwanza ilichelewa saa tatu, na wale wa ndege ya pili walituambia kwamba wao hawahusiki na tiketi ya wenzao, hivyo tukalipa upya. Hukuwapo ukaona jinsi tulivyolala kwenye viti. Insulini ya Mzee ilikuwa katika chupa ya chai ya mdomo mpana. Nilimwomba barafu binti mmoja wa mgahawani, nikaifunga dawa ndani ya kipande cha khanga ili isigusane na barafu ikaganda, na kila nilipoamka nilifungua kifuniko na kupapasa kwa kidole kama bado kuna ubaridi. Tangu siku hiyo Mzee anaamini kwamba msafiri anahitaji mwenyeji mmoja wa kumdai. Anasema ndege ya kampuni ikichelewa, kampuni itatutafutia njia ya kuifuata meli hadi bandari inayofuata, lakini tukijipeleka wenyewe tukachelewa, meli itang’oa nanga na sisi tutabaki tunaitazama.

Ni kweli, nami nimelifikiria sana. Ila kuifuata meli Ugiriki, na mgonjwa wa sukari ambaye hajala kwa wakati wake, hata kama kuna mtu wa kulipia, si jambo ninalolitaka. Afadhali tufike tarehe 19, alale, ale, ajidunge kwa saa zinazoeleweka, na asubuhi twende bandarini taratibu. Hata safari ya kutoka hapa hadi Entebbe inamchosha: unaijua foleni ya Mukono, na bado hujaikuta ya Kampala.

Kwa hiyo moyo wangu umeelemea upande wa kukataa ndege yao, tuchukue punguzo, tununue tiketi moja inayotufikisha hadi Roma kwa jina la shirika moja, ili ndege ya kwanza ikichelewa wao wenyewe watuweke kwenye inayofuata. Salma yuko tayari kuongeza fedha. Mzee hajakubali, lakini amesema, “Zubeda akisema, nitasikia.”

Basi niambie. Je, kwa uzoefu wako, kampuni ya namna hii inaweza kukubali kuandika mapema kwamba haitatupitisha London, tukilipa hizo dola 150? Je, kuna mahali wanakubali kushika nafasi ya ndege bila kulipa mpaka viza itoke, na nafasi hiyo hukaa siku ngapi? Tukinunua na viza ikakataliwa, tiketi ya bei hiyo hurudishwa kiasi gani? Saa mbili za kubadilisha ndege Istanbul zinamtosha mtu anayetembea kwa fimbo, au nidai nne? Na kiti cha magurudumu huombwa wakati wa kukata tiketi au siku ya safari?

Nitakupigia Alhamisi baada ya Magharibi, Mzee akiwa amekaa karibu yangu, ili majibu ayasikie kwa sauti yako. Karatasi za kampuni nimempa Shaban azilete pamoja na barua hii. Tafadhali soma ukurasa wa tatu kwanza.

Ndugu yako akupendaye,
Rehema