Kiini cha Linux kilichobanwa kinakaguliwa

Mhariri,

Naomba nafasi nirekebishe kauli niliyoisoma katika safu yenu ya teknolojia, kwamba kiini (kernel, programu kuu inayoongoza vifaa vya kompyuta) cha mfumo endeshi wa Linux, yaani faili lile la vmlinuz, hakiwezi kukaguliwa na fundi wa kawaida kwa kuwa kimebanwa, yaani kimepunguzwa ukubwa. Kauli hii inawagharimu watu fedha, nami nimeyaona hayo hapa Jinja.

Shule moja ya jirani ilinunua kompyuta za mezani zilizokwisha kutumika, na zote zikakataa mtandao wa waya. Fundi wa kwanza alisema kadi za mtandao zimekufa, akataja bei ya mpya. Nilipoitwa, nilinakili faili la kiini kutoka saraka ya /boot nikalifungua kwanza, nione kama lina kiendeshi (driver), yaani programu inayoongoza kadi hizo.

Herufi z mwishoni mwa jina hilo huonyesha tu kwamba faili limebanwa. Anayelipeleka moja kwa moja kwenye zcat, programu ya kubanua mafaili ya gzip (njia mojawapo ya kubana), huambiwa kwamba si faili la gzip, na hapo ndipo wengi hukata tamaa. Kumbe kwenye kompyuta za aina hii faili huanza na programu ndogo ya kuwashia mashine, ambayo haikubanwa, na mzigo wenyewe umo nyuma yake. Mzigo uliobanwa kwa gzip huanza na baiti 1f 8b 08, wa xz huanza na fd 37 7a 58 5a 00, na wa zstd, iliyoanza kutumika kubana kiini katika toleo la 5.9 la mwaka 2020, huanza na 28 b5 2f fd. Fundi hutafuta alama hiyo, hukata kilichotangulia, kisha hubanua kilichobaki. Zcat italalamika kwamba kuna takataka mwishoni, lakini lalamiko hilo halina madhara.

Kwa kuwa baiti hizo zinaweza kujitokeza kwa bahati mahali pengine, ni salama zaidi kutumia hati (script, programu fupi ya amri) ya extract-vmlinux, inayokuja pamoja na msimbo wa Linux: hujaribu mbinu moja baada ya nyingine, na hukubali tu matokeo yenye umbo la ELF, ambao ni muundo wa kawaida wa programu za Linux. Ukiwa nayo kwenye flashi huhitaji intaneti, na sisi tunaonunua data kwa vifurushi tunajua thamani ya jambo hilo.

Ndani ya kiini kile nilikuta neno IKCFG_ST, na mara baada yake gzip nyingine, mfuko ndani ya mfuko, iliyohifadhi mipangilio yote iliyotumika kukiunda. Mstari wa CONFIG_R8169, ambao ni wa kiendeshi cha kadi za Realtek kama zile za shule, ulionyesha kwamba kiendeshi hicho hakikuwekwa kabisa. Kadi zilikuwa nzima. Tuliweka kiini kingine chenye kiendeshi hicho, na mtandao ukashika siku hiyo hiyo bila kununua kadi hata moja.

Nakiri kwamba si kila kiini hubeba mipangilio yake tumboni. Debian, mojawapo ya mifumo ya Linux, kwa mfano, huiweka katika faili la pembeni humo humo ndani ya /boot, na huko kuisoma ni rahisi zaidi. Ninachoomba ni safu yenu iiondoe kauli ile na iwatajie wasomaji hati ya extract-vmlinux kwa jina, pamoja na mwenzake extract-ikconfig, ambayo ndiyo hutoa mipangilio.

Fundi wa kompyuta,
Jinja, Uganda