Vibao vya chanzo cha maji: tubadilishe kidogo

Habari za jioni ndugu zangu. Michoro ya vibao vya kuelezea chanzo cha maji nimeipitia yote. Mizuri, ila maneno ni mengi mno. Mtu anayewahi daladala hasomi aya tatu.

Naomba tuanze na masanduku mawili ya vioo: moja udongo mtupu, lingine udongo wenye majani makavu na mizizi. Mtoto amwagie kopo moja la maji kila upande. Kwenye udongo mtupu yatatoka maji mazito kama chai ya maziwa, kwenye majani na mizizi yatadondoka taratibu, safi. Hapo ataelewa kwa nini msitu wa Mau kule Kenya, unakoanzia Mto Mara, ukikatwa, mto huo hutuletea tope Ziwa Victoria. Na Mto Mirongo wetu wa Mwanza pia, tusiusahau. Mafunjo, ile mimea mirefu ya kando ya ziwa, yawekwe mwishoni, ndiyo chujio la ufukweni.

Mwenye fundi vioo anitumie namba leo. Tukutane Jumamosi saa 3 asubuhi, pale pale.